Ukivuka bahari, wewe ndiye mgeni: hesabu ya tiketi za makumbusho kwa familia

Siku moja pale Forodhani, mwanangu wa kati, Rukia, aliniuliza kwa nini Mzungu aliyekuwa mbele yetu kwenye dirisha la tiketi ametoa noti nyingi, na sisi tukatoa chache, na mlango ni huo huo mmoja. Nikamjibu bila ya kufikiri: "Kwa sababu yeye mgeni, sisi wenyeji." Akaridhika, nami nikaona nimejibu vizuri. Sikujua kwamba jawabu hilo lingenirudia mwenyewe, tena kwa fedha za kigeni.

Sisi tunakaa Amani, si mbali na uwanja wa mpira. Nyumbani tuko sita: mimi, baba watoto, mama yangu mzazi na watoto watatu. Mama ana dada yake Muscat, ambaye sisi tunamwita Mamkubwa. Aliondoka Unguja mwaka 1974 akiwa bi harusi, na tangu hapo amerudi mara moja tu, kwa wiki mbili, kwenye harusi ya ndugu yao mwaka 1998. Ramadhani iliyopita alipiga simu akasema: "Miguu yangu haipandi tena ngazi za ndege. Njooni nyinyi kabla hatujakutana Akhera."

Basi tukaamua kwenda Disemba, skuli zikiwa zimefungwa na Muscat kuna hewa ya kupumua. Tiketi za ndege tulizinunua miezi mitano kabla. Chakula na malazi ni kwa Mamkubwa. Kilichobaki kilikuwa bahasha moja ya matembezi, na fedha zilizokuwemo zilihesabiwa mbele ya watoto ili mtu asije akalilia pipi za uwanja wa ndege.

Naandika haya kwa ajili ya mzazi mwenzangu anayepanga safari kama hii, iwe Muscat, Nairobi au London kwa ndugu. Tiketi ya makumbusho inaonekana kitu kidogo ukiilinganisha na ndege na viza. Lakini zidisha kwa watu sita.

Kosa la kwanza nililifanya nikiwa kitandani

Wiki tatu kabla ya safari, usiku, nikashika simu nikatafuta tiketi za jumba moja la kihistoria ambalo Khamis, mkubwa wetu wa miaka 14, alikuwa akilitaja kila siku. Jibu la kwanza lililotokea lilikuwa na picha nzuri, nyota tano na maneno ya kunitia haraka: zimebaki tiketi chache, watu kadhaa wanaangalia ukurasa huu sasa hivi. Nikaingia woga wa kukosa. Dola 22 kwa mtu mzima, 11 kwa mtoto, mdogo bure. Watu wazima watatu na watoto wawili, jumla dola 88. Nikaweka namba za kadi, nikabonyeza.

Asubuhi baba watoto akasoma risiti kwa utulivu, kama anavyosoma kila kitu. Akasema: "Hawa si wenye jumba." Kweli. Walikuwa madalali. Tukafungua tovuti ya jumba lenyewe na kukuta kwamba familia yetu nzima ingeingia kwa chini ya nusu ya nilicholipa. Nilichokuwa nimenunua kiliitwa tiketi ya kuruka foleni, na tulipofika hapakuwa na foleni hata ya mtu mmoja. Kuomba kurudishiwa, wakanijibu kwamba masharti niliyakubali. Na kweli niliyakubali; nilitia alama kwenye kiboksi bila kusoma. Benki nayo ikakata chake kwa kubadilisha fedha. Zaidi ya laki mbili za Tanzania zilikwenda kwa usiku mmoja wa haraka. Baba watoto hakunigombeza, jambo ambalo lilinichoma zaidi.

Tangu siku hiyo nina desturi tatu. Ya kwanza, majibu ya juu kabisa unapotafuta kwenye mtandao mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa, kwa hiyo nashuka chini hadi nione tovuti ya jumba lenyewe, au ya wizara au mamlaka inayolisimamia. Ya pili, nikiona bei imeandikwa kwa dola katika nchi isiyotumia dola, najiuliza nani yuko katikati. Ya tatu, silipi usiku. Naandika bei kwenye karatasi, nalala, asubuhi namwonesha mtu mwingine wa nyumbani.

Rial si shilingi, na wala si dola

Tulipofika Muscat tukakutana na mtego wa pili, na huu hauna dalali. Ni namba. Mtu aliyezoea shilingi akiona tiketi ya rial 5 moyo unapoa: tano tu! Lakini rial ya Oman ni fedha nzito. Imefungwa kwa dola tangu miaka mingi, na rial moja ni karibu dola 2 na senti 60. Rial tano basi ni dola 13, na kwa shilingi zetu ni zaidi ya elfu thelathini kwa kichwa kimoja. Chini ya rial kuna baisa, elfu moja kwa rial, kwa hiyo hata ile bei yenye nukta na sifuri tatu inahitaji kusomwa taratibu.

Khamis tukampa kazi ya uhasibu. Kila bei tuliyoiona aliigeuza kuwa shilingi kwa simu, kisha anazidisha kwa watu sita, kisha anasema kwa sauti. Siku ya kwanza alitaka kuingia majumba matano. Siku ya pili, baada ya hesabu zake mwenyewe, akasema: "Mama, tuchague mawili." Sikumwambia mimi.

Wewe uko kwenye mstari gani?

Bao la bei kwenye dirisha la makumbusho, karibu dunia nzima, lina mistari kadhaa. Kuna raia, kuna mkaazi, kuna mgeni, kuna mwanafunzi, kuna mtoto, na mara nyingine kuna mzee na mtu mwenye ulemavu. Pale Makumbusho ya Taifa ya Oman, yaliyofunguliwa mwaka 2016 na kutazamana na Kasri la Al Alam, raia na wakaazi hulipa kidogo na mgeni hulipa zaidi. Hakuna dhuluma hapo. Sisi kwetu tunafanya hivyo hivyo, na raia wamekwisha kulichangia jumba kwa kodi zao. Lakini ni lazima mzazi ajue mapema kwamba kadi ya mwenyeji wako haikufuniki wewe. Wapo wanaokwenda wakidhani kwa kuwa shangazi ana uraia, basi ukoo mzima utapita kwa bei yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye makumbusho mgeni hupewa jembe siku ya kwanza.

Hata hivyo, ndani ya mistari ile ile mna nafuu ambazo haziji mpaka uzisome. Kitambulisho cha skuli cha Khamis na cha Rukia tulikuwa nacho kwenye mkoba, na penye bei ya mwanafunzi tulikitoa. Pasipoti ya mama, yenye mwaka wake wa kuzaliwa, ilikuwa juu kabisa. Uliza kuhusu tiketi ya familia, uliza kuhusu mzee, uliza siku ya bure. Kuuliza si ujinga, na jibu baya kabisa utakalopata ni hapana.

Sasa niseme na hili, maana wazazi tunalijua. Kwenye ngome moja nje ya mji, bao liliandika kwamba mtoto chini ya miaka 6 haingii kwenye hesabu. Nassor wetu alikuwa ametimiza sita wiki mbili nyuma. Kijana wa Mamkubwa aliyetuendesha, kwa nia njema, akamwambia mwenye dirisha: "Huyu mdogo ana mitano." Mimi nikanyamaza. Nasema kweli, nilinyamaza kwa makusudi, nikiiona bahasha yetu machoni. Nassor akavuta nguo yangu na kusema kwa sauti iliyofika mpaka ndani: "Mama, mimi nina sita! Ulinipikia keki!"

Yule mtu wa dirishani akacheka, na akajibu kwa Kiswahili safi cha kwetu: "Hongera bwana mkubwa. Basi na wewe utakatiwa tiketi yako." Nikalipa. Tiketi ile Nassor aliishika mkononi siku nzima, mpaka ikalowa jasho. Nilijiuliza ningemwambia nini siku atakayonidanganya mimi, kama ningemfunza leo kwamba umri wa mtu hupungua mbele ya dirisha.

Ya bure yalitujaza siku tatu

Tulipoacha kuhesabu milango ya kulipia, tulikuta kwamba Muscat iliyo wazi ni kubwa. Matembezi ya ufukweni Mutrah hayana tiketi. Soko la Mutrah halina tiketi, ila lina ubani unaomvuta mama wa watu mpaka pochi ifunguke, kwa hiyo ingieni na kiasi. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, tuliswali Adhuhuri humo na watoto wakakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege.

Na ngome mbili zinazosimama juu ya majabali pande mbili za ghuba, Al Jalali na Al Mirani, tuliziangalia kwa nje tu. Nikawaambia watoto kwamba hizo zilijengwa na Wareno miaka ya 1580, muda mfupi kabla ya Wareno hao hao kuanza kujenga Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593. Waomani waliwatoa Wareno Muscat mwaka 1650 na Mombasa mwaka 1698, kisha Unguja ikajengwa Ngome Kongwe, pale pale palipokuwa na kanisa la Wareno. Rukia akaangalia majabali, akasema: "Kwa hiyo Ngome Kongwe ina ndugu zake huku." Somo hilo halikutugharimu hata baisa.

Angalizo moja: Oman wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa asubuhi milango mingi imefungwa. Ramadhani saa hupunguzwa. Ukinunua tiketi yenye siku na saa bila kujua hayo, umejinunulia mlango uliofungwa.

Tiketi iliyostahiki bei yake

Mlango wa pili tuliolipia ulikuwa Makumbusho ya Taifa. Mamkubwa alisisitiza kuja, na fimbo yake. Kwenye dirisha mambo yakawa kama nilivyosema: Mamkubwa, raia, akalipa bei ya mwenyeji. Mama yangu, mdogo wake wa tumbo moja, akalipa bei ya mgeni. Wakatazamana wakacheka, lakini mama akaniomba zile tiketi mbili nimpe yeye.

Ndani, watoto walikimbilia silaha na majambia. Wazee wetu wakaenda taratibu mpaka chumba cha historia ya bahari, penye mambo ya majahazi, wakakaa kwenye benchi. Nikakaa nyuma yao kuwalinda wasianguke. Wakaanza kuzungumza kuhusu msimu wa kaskazi walipokuwa watoto, majahazi yakiingia bandarini Unguja, na baba yao akirudi nyumbani na tende na samli. Kisha mama akauliza swali ambalo, kwa umri wangu wote, sikuwahi kumsikia akiliuliza: "Dada, siku ile ulipoondoka, kwa nini hukuniamsha?"

Mamkubwa akakaa kimya kidogo. Akasema: "Ningekuamsha, nisingeondoka."

Hawakusema zaidi ya hapo, ila walikaa benchi lile karibu saa nzima, na hakuna mtu aliyewaambia waondoke. Nyumbani kwa Mamkubwa, penye wajukuu na televisheni na sahani zinazopita, hawakuwa wamepata nafasi hiyo kwa siku sita. Khamis alikuja na hesabu yake ya jioni akaniambia tiketi ya bibi ndiyo ghali kuliko zote kwenye safari. Nikamwambia ndiyo, na ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote.

Kama safari yako ni upande mwingine

Kwa wenye ndugu London, habari njema ni kwamba makumbusho makubwa ya taifa hayatozi kiingilio kwa maonesho yao ya kudumu, na haibagui raia wala mgeni. British Museum, Natural History Museum yenye mifupa ya nyangumi mkubwa iliyotundikwa ukumbini, na Science Museum jirani yake, zote ni bure. Maonesho maalumu ndiyo ya kulipia. Hata hivyo inafaa kuweka nafasi ya bure mapema kwenye tovuti zao, hasa siku za likizo, na ukiona mtu anakuuzia "tiketi ya kuingia" huko, jua ni yule yule dalali wangu. Watoto chini ya miaka 11 hupanda treni za chini ya ardhi bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa, nalo ni jambo kubwa kwa familia.

Washington, majumba ya Smithsonian nayo ni bure. Paris, Louvre haimtozi aliye chini ya miaka 18, awe ametoka Ulaya au Unguja, lakini mtu mzima anayetoka nje ya Ulaya tangu Januari 2026 analipa euro 32. Hapo wazazi mnaweza kupeana zamu: mmoja aingie na watoto, mwengine akae bustanini na mdogo. Na kwa wanaovuka kwenda Kenya, chukueni kitambulisho au pasipoti. Makumbusho ya huko yana bei ya raia wa Afrika Mashariki iliyo chini ya ile ya wageni wa mbali, lakini hupewi kwa lafudhi tu.

Kuhusu malipo yenyewe: kadi nyingi za benki za kwetu huja zimefungwa kwa manunuzi ya mtandaoni, kwa hiyo nenda benki wiki moja kabla ukaombe ifunguliwe, na uulize wanakata kiasi gani kwa kubadilisha fedha. Weka kwenye kadi kiasi cha tiketi tu, si akiba yote. Ukishalipa, piga picha ya tiketi ibaki ndani ya simu, maana intaneti ya ugenini hukatika mlangoni hasa. Na kama jumba halina foleni kubwa, huna haja ya kununua mapema. Lipa dirishani, siku ambayo mtoto hana homa.

Mwenyeji wa wapi?

Tumerudi Amani. Jumamosi iliyopita tulipanda daladala mpaka Darajani, tukatembea kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja, tukasimama mbele ya lile jumba jeupe lenye kuba, Beit el Amani, lililofunguliwa mwaka 1925 kuwa ukumbusho wa amani baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Miaka yote tunakaa mtaa wenye jina hilo, na watoto hawakuwa wamewahi kulitazama vizuri. Kisha tukapita baharini kuiona Beit al Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, na ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Nikawaambia kwamba jumba nalo huzeeka kama bibi, na tiketi tunazolipa ni sehemu ya dawa yake.

Njiani Rukia akaniuliza tena, kama alivyoniuliza zamani. Mamkubwa ameahidi kwamba masika yakiisha atajikaza aje, ngazi za ndege apandishwe kwa kiti. Rukia anataka kumpeleka kila mahali. "Mama," akasema, "Mamkubwa kazaliwa Kikwajuni. Lakini pasipoti yake ya Oman. Akija, atalipa bei ya nani?"

Safari hii sikumjibu haraka. Nilimwambia kwamba dirishani wataangalia pasipoti, na watakuwa na haki yao. Kisha nikamwambia aanze kuweka shilingi mia mbili mbili kwenye kopo, mimi nitajaza zinazobaki, ili siku hiyo Mamkubwa asiguse mkoba wake wala asilione bao la bei.

Kopo liko juu ya kabati. Tiketi mbili za Muscat, ya mwenyeji na ya mgeni, mama ameziweka ndani ya msahafu wake.